Upawa, Chokaa na Daftari la Sayansi

Mtoto kaandika daftarini kwamba chuma hupitisha joto, katiwa vema. Jioni hiyohiyo kashika kijiko cha chuma kilichoachwa ndani ya uji unaotokota, vidole vikaungua. Niliyaona hayo hapa Wete na yaliniuma, kwa sababu jibu alikuwa nalo.

Wapo walimu wanaotaka somo la sifa za vitu lianzie jikoni. Kwa mengi nawaunga mkono. Bibi akichota mchuzi kwa upawa wa kifuu cha nazi, somo lote liko mkononi mwake: kifuu ni kigumu, hakilainiki kwa mchuzi, joto hakilipitishi upesi, na mpini wa mti unauweka mkono mbali na moto. Kifumbu cha ukili kinapitisha tui na kuzuia machicha kwa namna kilivyosukwa. Makumbi hufukiwa kwenye tope la pwani kwa miezi, nyama yake ioze, zibaki nyuzi za kusokotea kamba. Mwanafunzi akiyashika haya hana haja ya kuyakariri.

Wanaoshikilia daftari nao wana hoja nzito. Mazoea hayasemi kwa nini. Mtu anaweza kuzeeka na upawa asijue kwamba sababu ileile ndiyo inayofanya mshikio wa birika uwe wa plastiki. Istilahi ndiyo inayombebea mtoto ujuzi hadi kwenye kitu asichowahi kukiona. Halafu skuli yenye darasa lililojaa haiwezi kuleta makumbi kila wiki.

Kinachonisumbua ni kwamba daftari huzisifia sifa kama vile ugumu ni mzuri popote. Ukuta wa Mji Mkongwe unakataa. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Hunyonya unyevu, kisha huutoa. Ukipigwa plasta ya saruji, ngumu kuliko chokaa, unyevu hukwama ndani, chumvi husukuma, plasta hubanduka na jiwe huanza kumung'unyika. Saruji hiyohiyo kwenye msingi wa nyumba mpya ni kitu cha maana sana.

Basi mwalimu alete vipande viwili tu, cha chokaa na cha saruji. Mtoto adondoshee maji, atazame tone lipi linanyonywa upesi. Istilahi aandike baada ya hapo, kisha aulizwe ukuta wa zamani wa bibi yake upakwe kipi, na aeleze kwa nini.