Yatima wa Sanawar hawakuhesabiwa sawa

Asanteni kwa makala kuhusu shule ya bweni ya Sanawar, India, ila mmeisifu mno. Ni kweli Henry Lawrence, afisa wa jeshi Mwingereza huko India, aliianzisha mwaka 1847 kuwalea mayatima na watoto wengine wa askari Waingereza, wapate hewa ya milimani badala ya kuteketea kwa maradhi kambini. Lakini kanuni zake ziliwatanguliza waliozaliwa na wazazi wote wawili Wazungu, kwa hoja kwamba joto la tambarare liliwadhuru zaidi. Mtoto wa mama Mhindi alirudishwa nyuma ya foleni. Yatima ni yatima jamani! Baba zao walivaa sare ileile. Hilo linaniuma sana, na kwenye makala yenu halimo hata mstari mmoja.