Kiwanja cha Kambi ni cha Nani: Aliyewahi Mtandaoni au Aliyewahi Getini?

Kila asubuhi, saa mbili kamili kwa saa za California, kuna watu waliokodolea macho simu zao wakisubiri dakika igeuke. Hawasubiri tiketi za mpira wala za tamasha. Wanatafuta mahali pa kusimika hema: meza ya mbao, pete ya chuma ya kuwashia moto, na penye dubu, kabati la chuma lenye komeo ambalo mnyama huyo hawezi kulifungua. Viwanja vya kambi kwenye hifadhi za jimbo hilo hufunguliwa kwa wanaoweka nafasi miezi sita kabla ya siku ya kufika. Anayetaka kulala ufukweni Ijumaa ya mwezi wa saba lazima awe macho mwezi wa kwanza, na kwa hifadhi zinazogombaniwa, kama zile za pwani au za Ziwa Tahoe, akijichelewesha kidogo anakuta pamejaa.

Ugomvi unaofuata hapo ni wa siku nyingi na haujaisha. Wapo wanaosema mtandao umeleta haki. Wapo wanaosema umewapa nafasi watu wale wale, na kwamba ingekuwa heri kurudi kwenye utaratibu wa zamani: unaendesha gari, unafika getini, pakiwa wazi unalala, pakijaa unarudi au unajaribu kwingine.

Kabla ya kuingia humo, niweke jambo moja sawa. Wengi wetu tukisikia hifadhi za Marekani tunafikiria Yellowstone au Grand Canyon. Hizo ni za serikali kuu. Hifadhi za majimbo ni kitu kingine: zinamilikiwa na kuendeshwa na jimbo lenyewe, nyingi ni ndogo na ziko karibu na miji, na ndizo ambazo familia ya kawaida ya Columbus, Dallas au Boise inazifikia mwisho wa wiki bila kuomba likizo. Mwaka 1864 Rais Lincoln aliikabidhi California Bonde la Yosemite ilitunze kwa manufaa ya umma, na likabaki mikononi mwa jimbo hadi liliporudi serikali kuu mwaka 1906. New York ilianzisha hifadhi ya Niagara mwaka 1885. Kisha ikaja miaka ya 1930, uchumi umeanguka, na Rais Roosevelt akaajiri vijana wasio na kazi kupitia Civilian Conservation Corps kwa dola 30 kwa mwezi, 25 kati ya hizo zikitumwa kwa wazazi wao. Barabara, vibanda vya mawe na njia za miguu walizojenga bado zinatumika katika hifadhi nyingi. Yaani ni mali iliyojengwa kwa kodi na kwa jasho la watu maskini. Ndiyo maana swali la nani anapata pa kulala linawachoma watu namna ile.

Hesabu yenyewe ni ngumu. California ina hifadhi na maeneo ya jimbo 280, yenye viwanja vya kambi 15,000 hivi. Kanuni ya kawaida ni watu wanane kwa kiwanja. Vikijaa vyote, kila kimoja na watu wake wanane, ni watu 120,000 kwa usiku mmoja, katika jimbo lenye watu karibu milioni 39. Hakuna utaratibu wa foleni, uwe wa kompyuta au wa daftari, utakaoifanya hesabu hiyo iwatoshe wote. Tunachobishania ni namna ya kugawa kitu kichache.

Wanaotetea mtandao wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Familia inayoishi saa tano kutoka ziwani haiwezi kupakia watoto, mchele, sufuria na magodoro kwenye gari ili ikabahatishe. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji kujua mapema kwamba kiwanja chenye sakafu ngumu na choo cha karibu kipo na ni chake. Na tusidanganyane kuhusu huo utaratibu wa zamani wa getini. Aliyekuwa anapata nafasi ni nani? Ni mstaafu mwenye karavani aliyefika Jumatano na kujitandaza hadi Jumapili. Mfanyakazi aliyetoka kazini Ijumaa jioni alikuta kibao cha "pamejaa".

Kuna hoja nyingine ambayo watetezi wa mtandao huitaja kwa nadra, nami naiona ndiyo kubwa zaidi. Kompyuta haioni sura ya mtu. Hifadhi za majimbo ya Kusini zina historia mbaya. Virginia ilifungua hifadhi ya peke yake kwa ajili ya Weusi, Prince Edward, mwaka 1950. South Carolina, mahakama ilipoamuru mwaka 1963 kwamba Weusi waruhusiwe, ilizifunga hifadhi zake zote kuliko kutii. Hiyo si historia ya mbali. Watu walioishi wakati ule wapo hai. Mtu mwenye ngozi na lafudhi yetu akifika usiku kwenye geti la kijijini, halafu askari wa hifadhi amwambie pamejaa huku anaona nafasi wazi kwa macho yake, atawaza nini? Huenda askari anasema kweli. Lakini karatasi ya nafasi iliyolipiwa inaondoa mjadala wote huo. Ukishaweka nafasi, hakuna wa kukupima kwa macho.

Sasa upande wa pili. Miezi sita ni muda mrefu sana kwa mtu ambaye ratiba yake haijui hata wiki ijayo. Wakongomani wengi waliohamishiwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi wanafanya kazi za zamu: machinjioni, kwenye maghala, kwenye nyumba za kutunzia wazee. Zamu hutolewa wiki moja au mbili kabla, na mume na mke mara nyingi hupishana mlangoni. Mwambie mtu huyo achague Jumamosi ya mwezi wa nane wakati theluji bado iko nje. Hawezi. Mhandisi mwenye siku zake za likizo zilizopangwa kwenye kalenda anaweza, tena anaweza kuchagua Jumamosi nne na kuamua baadaye aende ipi.

Na hapo ndipo wanaponikera hasa: hao wanaochukua nafasi nyingi. Kiwanja cha kambi cha California hugharimu dola 35 hivi kwa usiku. Kwa mwenye mshahara mnono hiyo si fedha ya kumnyima usingizi akiipoteza. Tokeo lake utaliona ukitembea kwenye njia ya kambi iliyoandikwa "imejaa" jioni ya Jumamosi. Nguzo fupi ya mbao, kijikaratasi kimebanwa juu yake chenye jina na tarehe, meza tupu, jivu la wiki iliyopita kwenye pete ya moto. Mbele kidogo nguzo nyingine, hivyo hivyo. Kwetu asiyekuwepo na lake halipo. Pale asiyekuwepo lake lipo, tena limeandikwa jina.

California iliona tatizo hilo, na mwaka 2023 ikapitisha sheria ya kuwabana. Anayeghairi wiki moja kabla au zaidi hadhuriki sana. Anayeghairi baada ya hapo anapoteza malipo ya usiku wa kwanza, na anayengoja hadi dakika za mwisho anapoteza zaidi. Mtu mmoja hawezi kulala hifadhi ile ile zaidi ya usiku 30 kwa mwaka. Na kwa hifadhi chache zinazogombaniwa kupita zote, sheria inataka bahati nasibu badala ya mbio za saa mbili asubuhi. Naunga mkono sehemu kubwa ya sheria hiyo, hasa bahati nasibu, kwa sababu haijali una intaneti ya kasi gani. Adhabu ya fedha ndiyo inayonitia shaka. Humuuma zaidi yule aliyeghairi kwa kuwa msimamizi amembadilishia zamu kuliko yule aliyeghairi kwa kuwa amepata mwaliko mzuri zaidi.

Wapo pia wanaouza njia ya mkato: programu za kulipia ambazo hukesha zikichungulia mfumo, na mtu akighairi tu zinakutumia ujumbe. Si wizi. Ila zimeweka ada ya pili juu ya kitu cha umma, na fedha hiyo haifiki hifadhini.

Minnesota hutumia njia ninayoiona ya busara zaidi: viwanja vyake hufunguliwa siku 120 kabla, si miezi sita. Tofauti ya miezi miwili inaonekana ndogo, lakini huleta uamuzi karibu na maisha halisi. Ingekuwa juu yangu, ningeendelea mbele zaidi. Nusu ya viwanja vifunguliwe mapema kwa wanaotoka mbali na wenye mahitaji maalumu, robo ifunguliwe wiki mbili kabla kwa watu wa zamu, na kilichobaki kigawiwe siku ile ile, kwa mtandao na si kwa sura getini. Wasimamizi watalalamika kwamba ni usumbufu. Ni usumbufu kweli. Lakini mfumo unaoweza kupokea kadi ya benki ya mtu aliye Japani hauwezi kushindwa kuwa na tarehe tatu za kufungulia.

Kuna mgawanyo mwingine unaokua kimyakimya, wa wenyeji na wageni. Florida sasa inawaruhusu wakazi wake kuweka nafasi miezi 11 kabla, wa majimbo mengine miezi 10. Idaho, tangu mwaka 2021, inawatoza wasio wakazi mara mbili katika baadhi ya hifadhi zake zinazojaa. Msomaji wa Arusha au Naivasha hatashangaa. Getini kwetu mwananchi, mkazi na mgeni kila mmoja ana bei yake. Hoja ya wenyeji inaeleweka: sisi ndio tunaolipa kodi ya jimbo. Ila si kodi ya jimbo peke yake iliyojenga. Tangu katikati ya miaka ya 1960 serikali kuu imekuwa ikiyapa majimbo fedha za kununua na kuendeleza ardhi ya hifadhi kupitia mfuko unaotokana zaidi na mapato ya mafuta na gesi ya baharini, na kwa maeneo yaliyosaidiwa na mfuko huo, mgeni haruhusiwi kutozwa zaidi ya mara mbili ya mkazi. Mgeni naye ana tofali lake pale. Binafsi bei mbili naikubali. Mwezi mzima wa kutangulia kwenye foleni siukubali, maana bei unaweza kuilipa, lakini kiwanja kilichokwisha huwezi kukilala.

Watu wa kwetu wana kikwazo kingine ambacho wanaobishana kuhusu mtandao hawakigusi: hao watu wanane. Familia ya baba, mama, watoto sita, bibi na shangazi imeshavuka kiwango kabla binamu hajasikia. Inabidi kulipia viwanja viwili, navyo vitokee kupakana, katika tarehe moja. Viwanja vya vikundi vipo, lakini ni vichache na bei yake imepangwa kwa makanisa na skauti. Ongeza kanuni ya utulivu kuanzia saa nne usiku, wakati ambao kwetu hadithi ndiyo kwanza zinakolea. Kanuni ya utulivu ina maana yake, jirani naye amelipa. Hata kanuni ya kutobeba kuni kutoka nyumbani, ambayo huwashangaza wageni, ina sababu nzuri: kuna mdudu aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 ambaye ameua miti mingi sana ya huko iitwayo ash, na husafiri ndani ya kuni zinazopakiwa kwenye magari. Lakini idadi ya wanane ilipimwa kwa familia ya aina moja, na familia za Marekani si za aina hiyo moja tena. Sijazungumzia wazee waliolala chini ya turubai la UNHCR kwa miaka na ambao wakiambiwa walipie hema kwa starehe wanacheka mpaka machozi. Hao waacheni na kochi lao.

Jibu la kujenga viwanja zaidi lipo, nalo lina mitego. Wapiga kura wa Texas waliidhinisha mwezi wa 11 mwaka 2023 mfuko wa dola bilioni moja wa kununua ardhi ya hifadhi mpya. Mwaka huo huo jimbo hilo lilipoteza hifadhi ya Fairfield Lake kwa sababu ardhi ilikuwa ya kampuni binafsi, na kampuni ikaamua kuuza. Florida nayo, mwaka 2024, ilikuja na mpango wa kuweka viwanja vya gofu na hoteli ya vyumba hadi 350 ndani ya hifadhi zake, kwa maelezo kwamba umma utanufaika zaidi. Wananchi wa vyama vyote walifoka, gavana akarudi nyuma, na mwaka 2025 ikapitishwa sheria ya kuzuia mambo hayo. Kuongeza nafasi kwa gharama ya msitu wenyewe kumekataliwa, na ni sawa.

Kwa hiyo mwaka huu na ujao mchezo utabaki kuwa wa viwanja vile vile. Mwenye kazi za zamu California ajue kwamba mpaka wa adhabu ni wiki moja kabla ya kufika. Wenye nafasi nyingi mkononi wana sababu ya kuziachia siku nane au saba kabla ya kufika, adhabu ikiwa haijawagusa, na siku hizo ndizo za kuchungulia mfumo, ukianza na Jumapili hadi Alhamisi, maana Ijumaa na Jumamosi zina wawindaji wake.