Ohio, 1890: mipaka iliyochorwa kwa tamaa

Anayetaka kulaani mipaka ya uchaguzi iliyokatwa kwa hila ili kukipendelea chama huanzia jimbo la Massachusetts, Marekani, 1812. Chama cha Federalist kilipata kura 51,766 za Seneti ya jimbo na viti 11. Wapinzani wao, waliochora ramani hiyo, kwa kura 50,164 wakazoa viti 29. Sioni cha kutetea hapo.

Shida yangu ni pale hukumu hiyo inapobebeshwa karne nzima, kwamba wachora ramani wale waliua ushindani. Wa siku hizi huchora ili mbunge wao alale usingizi. Wa zamani walikuwa walafi zaidi: walitaka kila kiti kinachowezekana, kwa hiyo wakazitawanya kura zao, eneo hili wingi mdogo, lile wingi mdogo. Mtaji ukitandazwa hivyo, hasara ndogo tu inaufagia wote.

Tazama Ohio, ambako ramani ilichorwa upya mara kwa mara kadiri vyama vilivyopokonyana baraza la jimbo. Mwaka 1890 chama cha Democrats kilimwandama William McKinley, mbunge wa Republican: kaunti yake ya Stark wakaiunganisha na Holmes, ngome yao. Alishindwa, lakini kwa kura kama 300 tu, tena mwaka ambao sheria yake ya ushuru ilikuwa imewakasirisha wanunuzi nchi nzima. Sasa hilo ni eneo lililokufa ushindani? Mwaka uliofuata akagombea ugavana, ambako jimbo zima hupiga kura na hakuna mpaka wa kukata, akashinda. Na 1894, baada ya mdororo wa uchumi, Democrats walipoteza zaidi ya viti 100 vya Bunge la Marekani kwa uchaguzi mmoja. Wapigakura walikuwa na fimbo, na ilichapa.

Upande wa pili una hoja moja nzito, nayo inatoka Kusini. South Carolina, 1882, kura za Weusi zilirundikwa kwa makusudi katika Eneo la Saba la ubunge ili sita mengine yabaki salama mikononi mwa Democrats. Mwaka huohuo ikaja sheria ya masanduku manane: kila cheo sanduku lake, na karatasi ikitumbukizwa kwingine, imeharibika. Asiyejua kusoma angebahatisha. Robert Smalls, mbunge Mweusi wa Republican aliyezaliwa mtumwa na kuitorosha meli ya Planter kutoka Charleston mwaka 1862, alishikilia Eneo hilo la Saba hadi aliposhindwa 1886. Anayesema ushindani uliuawa anioneshe ramani hiyo, pamoja na masanduku yake. Ya Ohio haimsaidii.