Jino halina tundu ila ukitafuna unaruka? Usikubali kuambiwa huna kitu

Tangu shule ya msingi habari ya meno tuliyofundishwa ni moja tu, piga mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, punguza pipi, basi. Ni kweli na sibishi. Ila kuna tatizo zima la meno ambalo mswaki hauligusi, na hapa Dar naona linawatesa watu wazima wenye meno masafi kabisa, nalo ni jino kupata ufa. Jino halijatoboka, halina weusi, ukijiangalia kwenye kamera ya simu unaona gego zuri tu, lakini siku ukitafuna kitu upande ule unapigwa shoti mpaka sikioni, halafu inapotea, unakaa hata wiki mbili husikii chochote, unasahau, mpaka siku nyingine tena.

Na msinianzie na ule msemo wa usipoziba ufa. Ufa wa ukuta unauona bana. Huu hata eksirei mara nyingi haiuoni, kwa sababu kwenye magego ufa mara nyingi unaenda kutoka mbele kwenda nyuma na picha inapigwa kutokea shavuni, kwa hiyo mionzi inakutana na ufa kwa ubapa wake na hakuna mstari unaotokea. Ndio unakuta mtu kapiga picha, kaambiwa jino lako zima, kapewa Panadol na antibayotiki karudi zake Mbagala, maumivu yakirudi anaenda kwingine anaambiwa tung'oe tu tumalize. Hilo la pili ndio linanikera zaidi.

Kitu ambacho wengi hawakisemi wakifika pale ni lini hasa panauma. Jino lenye ufa lina tabia yake, mara nyingi linauma zaidi pale unapoachia, sio pale unapobana. Ukibana zile pande mbili zinaachana kidogo sana, ukiachia zinarudiana ghafla, na maji maji yaliyo kwenye vijitundu vidogo mno ndani ya jino yanasukumwa, neva inapiga kelele. Kwa hiyo ukimwambia daktari "linauma nikitafuna" umemwambia nusu ya habari. Mwambie linauma nikiachia, na maji ya baridi yanalishtua. Daktari makini akisikia hivyo anachukua kifimbo kidogo cha plastiki anakiweka kwenye kona moja ya jino, uma, achia, anahamia kona ya pili, uma, achia, na utashangaa kona tatu zote kimya halafu ya nne unaruka kwenye kiti. Anaweza pia kumulika taa pembeni ya jino, mwanga unaishia pale penye ufa, upande wa pili panabaki giza. Na kama jino liliwahi kuzibwa, kuna wengine wanatoa ile dawa ya zamani iliyozibia na kupaka rangi ya bluu ili ufa ujichore. Sasa kama hakuna hata kimoja kilichofanyika na koleo limeshatoka, ni haki yako kuuliza kwa adabu tu, samahani dokta, haiwezekani likawa na ufa?

Ufa wenyewe unatoka wapi. Mimi naanza na kokoto kwenye wali. Watu wanacheka nikisema hivi ila fikiria, upo kwa mama ntilie unakula wali maharage akili yote iko kwenye stori, taya linashuka kwa nguvu kwa sababu limeshazoea kitu laini, na kati ya gego na gego kuna kijiwe ambacho mchaguaji hakukiona, ile kah! unaisikia wewe mwenyewe mpaka utosini na jirani yako mezani hajasikia kitu. Unatema, unakiangalia kijiwe kwenye kidole, unalalamika kidogo, unahamia upande wa pili unaendelea. Magego ya nyuma ndio yanabeba nguvu kubwa kuliko meno yote maana yako karibu na maungio ya taya, kwa hiyo kijiwe hicho hicho ambacho meno ya mbele yangekivumilia nyuma kinaweza kuacha ufa. Kuchagua mchele kwenye ungo sio ushamba aisee.

Halafu kuna ya kujitakia. Kufungua soda na bia kwa meno wakati opena ipo mezani. Kupasua mbegu za ubuyu. Kuvunja mfupa wa kuku kutafuta uroto, kutafuna bisi ambazo hazijapasuka, kutafuna barafu. Kwenye barafu nisimame kidogo, kama kila siku una hamu ya barafu isiyoisha, hasa ukiwa mjamzito, nenda kapime damu, hamu hiyo inaweza kuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma na sio joto la Dar. Na kuna wanaosaga meno usiku bila kujua, hao mpaka mwenza wake aseme, au aamke asubuhi taya zimechoka. Kinga ya meno hapo ni kifaa cha plastiki kinachotengenezwa kwa kipimo cha meno yako unalala nacho.

Matibabu yanategemea ufa umefika wapi. Vile vistari vyembamba kwenye meno ya mbele karibu kila mtu mzima anavyo, achana navyo. Ukiwa haujafika kwenye neva, jino linavikwa kofia, ganda linaloshika pande zote zisiachane tena. Ukifika kwenye neva, linasafishwa ndani kwanza, matibabu ya mzizi, halafu kofia. Likipasuka vipande viwili mpaka kwenye mzizi hapo kweli ling'olewe. Lenyewe haliungi, usisubiri, mfupa unaunga kwa sababu una chembe hai ila lile ganda gumu la jino halina.

Na hapa ndio Wabongo tunapopigwa. Kofia ni ghali kuliko kung'oa, hilo halina ubishi, kwa hiyo mtu anajikamua analipia matibabu ya mzizi, maumivu yanaisha, anasema hela ya kofia ikipatikana nitarudi. Harudi. Gego lililosafishwa limeshapungua mwili, miezi inapita, siku moja anakula mishikaki linapasuka katikati na hela yote ya mwanzo imeenda. Bora umuulize daktari gharama ya vyote viwili kabla hajaanza, ukiona kofia huiwezi muongee mapema. Kung'oa nako sio mwisho wa matumizi, jino la juu linaanza kushuka kwenye pengo, ya jirani yanalala.

Ukiwa unasubiri siku yako kliniki, tafunia upande mwingine, epuka cha moto sana na cha baridi sana. Karafuu inatuliza kweli, ina kitu kinachotia ganzi, ila haizibi ufa na mafuta yake ukizidisha yanaunguza fizi. Asprini usiisage ukaipachika kwenye fizi, itakuachia kidonda. Na kama ni mtoto kaanguka au umepigwa kiwiko kwenye ndondo kipande kikadondoka, usikitupe, kiweke kwenye maziwa uende nacho, kwa jino la mbele mara nyingine daktari anakigandisha palepale kilipotoka.