Modeli za Tabianchi Zikitofautiana, Mpangaji wa Maji Ashike Lipi?

Wanaopinga matumizi ya modeli za tabianchi, yaani programu za kompyuta zinazoiga hali ya hewa ya miaka mingi ijayo, katika kupanga maji ya miji mikubwa hutoa hoja moja nzito: modeli hii ikionesha mto utapungua, ile huonesha mto huo huo utajaa. Ni kweli. Modeli nyingi za dunia nzima huigawa ardhi katika vipande vyenye upana wa takriban kilomita 100, hata bonde zima linalolisha jiji huweza kumezwa na kipande kimoja, milima yake ikiwa imesawazishwa. Matokeo hayo hurekebishwa kwa vipimo vya mvua vya bondeni, huingizwa katika modeli ya mtiririko, inayokadiria maji yatakayofika mtoni, kisha ya mabwawa, na kila hatua huongeza shaka yake. Afrika Mashariki ni ushahidi usiopuuzika: modeli nyingi zilionesha masika yakiongezeka kadiri dunia inavyopata joto, ilhali vipimo vya kuanzia miaka ya 1980 hadi karibu 2010 vilionesha yakipungua.

Lakini anayezikataa modeli kwa sababu hiyo hulazimika kukadiria kwa njia nyingine, na kwa kawaida hurudi kwenye wastani wa miaka iliyopita. Mkataba wa Mto Colorado wa mwaka 1922, nchini Marekani, uligawa maji kwa kutegemea vipimo vya kipindi kilichokuwa na mvua nyingi isivyo kawaida. Tangu mwaka 2000 mto huo umepungua kwa takriban moja ya tano ukilinganishwa na wastani wa karne ya 20, na sehemu kubwa ya upungufu huo imesababishwa na joto lenyewe. Kwamba joto litapanda, modeli hazibishani.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni wa kusini-magharibi mwa Australia. Tangu miaka ya 1970 mvua za majira ya baridi huko zimepungua kwa takriban asilimia 15 hadi 20, kiasi ambacho mtu angedhani mabwawa ya jiji la Perth yangekihimili, lakini maji yanayoingia katika mabwawa hayo yamepungua kwa zaidi ya nusu. Mvua ikinyesha, sehemu yake hunaswa na majani ikageuka mvuke, nyingine hunywewa na udongo na mizizi, na mto huambulia masalio. Kwa kuwa miti na udongo haviachi kudai sehemu yao mvua inapopungua, hasara kubwa huuangukia mto. Ukame ukidumu, maji ya chini ya ardhi hushuka hadi chini ya kina cha kijito, na kijito kilicholishwa na ardhi huanza chenyewe kupoteza maji ardhini, hata mwaka wa mvua nzuri usiweze kurudisha mtiririko wa zamani.

Hapa wakosoaji wana hoja nyingine: modeli za mtiririko zilizorekebishwa kwa takwimu za miaka ya neema hukosea zinapotumika katika miaka ya ukame. Hata hivyo, mara nyingi hukosea kwa kukadiria maji mengi kuliko yaliyopo. Kwa hiyo dosari hiyo haimpi mpangaji sababu ya kutulia, bali humtaka aongeze tahadhari. Perth ilianza kutumia kiwanda cha kuondoa chumvi katika maji ya bahari huko Kwinana mwaka 2006, na naamini uamuzi huo ulikuwa sahihi.

Kosa, kwa maoni yangu, ni kuitaka modeli itoe tarakimu moja ya mwaka 2060. Swali la maana zaidi ni hili: katika hali 50 au 100 zinazowezekana, bwawa hili hushindwa katika zipi, na hushindwa kwa upungufu wa mvua wa kiasi gani? Mfumo unaoyumba mvua ikipungua kwa asilimia 10 tu una tatizo la kushughulikiwa sasa, hata kama modeli hazijakubaliana. Kazi hiyo inahitaji vipimo vya mito visivyokatika, na vituo vya kupimia ndivyo hukatiwa bajeti mapema. Anayeziona modeli kuwa dhaifu angepaswa kuwa wa kwanza kuvidai.