Boti Imevuka Bahari, Mimi Nimekwama Gerezani

Jamani, ukiona boti ya matanga imetia nanga pale Msasani, nyeupee, bendera inapepea, usimwonee wivu mwenye nayo. Muulize kwanza choo kinafanya kazi? Akitabasamu bila kujibu basi jua hakifanyi, na jua kuna fundi mmoja wa Mbagala simu yake itaita Jumapili asubuhi hata uji hajanywa. Huyo fundi ni mimi.

Kazi yangu ni pampu na jenereta. Nimezoea pampu za visima na jenereta za saluni, hizo zikifa unajua zimekufa kwa nini, ama kisima kimekauka ama mwenye saluni hajawahi kuangalia oili tangu anunue. Sasa kuna bwana mmoja na mkewe, Wafaransa, wastaafu, wametoka zao Shelisheli na upepo wa kusi, maili za baharini karibu elfu moja mpaka hapa Dar, wakafika wameungua jua, wanacheka, wanapiga picha na machweo. Wenyewe wanacheka lakini boti haichekei mtu. Bahari haikuharibii kitu kikaisha, hapana, inalegeza hiki, inakwangua kile, inaingiza chumvi kule, halafu inaviacha vije kufia mbele ya fundi. Wakanipa orodha. Karatasi mbele na nyuma, na mwandiko mzuri kabisa.

Tukaanza na otopailoti, yaani kile kidude kinachoshika usukani ili watu walale. Kina mota ndogo inazunguka kushoto kulia kushoto kulia usiku na mchana kwa sababu kila wimbi linapindisha boti, na yenyewe inanyoosha, haina Jumapili. Kikafa katikati ya safari, ikabidi bwana na bibi wapokezane usukani saa tatu tatu mpaka Dar, na nadhani huko ndiko walikoacha kuongeana vizuri. Nikafungua mota, kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye mota, zimeisha mpaka springi inakwangua shaba. Bwana anasema mpya inaagizwa Ulaya, akataja bei, nikaona hapo naweza kununua bodaboda na chenji ya mafuta ikabaki. Nikamwambia tulia. Nikaenda kununua kaboni za grainda, hela ya chai na chapati, nikakaa na msasa. Unasugua unajaribu, unasugua unajaribu, maana ikibana haitelezi ndani ya nyumba yake, na ukizidisha itacheza na kutoa cheche. Tukaunganisha waya, ikaita vuuum, usukani ukageuka wenyewe. Bwana akanikumbatia na jasho langu lote. Nikasema leo Mungu kaniona.

Kumbe bado impela.

Impela ni kipande cha mpira, unakishika kiganjani, kina mapanga yake, kazi yake kuvuta maji ya bahari yaje kupoza injini. Maji yasipofika, yenyewe inazunguka kavu, na mpira ukizunguka kavu haumalizi hata dakika nyingi unakatika. Spea walikuwa nazo, walishazimaliza njiani. Na ubaya wake vile vipande vilivyokatika havipotei, vinasukumwa mpaka kwenye ile rejeta ya maji chumvi vinakaa humo vinaziba. Kwa hiyo nikafungua rejeta, nikawa navuta kimoja kimoja kwa koleo na waya, naviweka juu ya gazeti naviunganisha na kile kibaki cha impela, hili panga la kwanza limekamilika, hili la pili, hili la tatu ncha haipo. Nikaitafuta ncha hiyo mpaka jua linazama, mgongo umekunjika, yule mama ananiletea kahawa isiyo na sukari. Nikaikuta kwenye kona ya bomba. Ndogo kuliko kucha.

Kesho yake Kariakoo. Sijashuka vizuri kituo cha Gerezani, winga, wale wa kukupeleka madukani wapate chao, kashanidaka mkono. "Mkuu unatafuta nini?" Nikamwonyesha mpira. "Ipo hiyo, tena og." Mtu hajaigeuza hata nyuma kuisoma! Tukapita vichochoro, tukaruka matenga ya nyanya, akanifikisha kwenye duka la mashine za kufulia. Hakuna. Duka la pampu za Kichina, kijana akasema subiri ipo stoo, akatoka mbio, mimi najua anaenda kuuliza maduka ya wenzake ili aweke cha juu, akarudi na kitu cha feni. Cha feni! Mwisho mzee mmoja mwenye miwani akaishika, akaipima, akahesabu mapanga, akanirudishia akasema, "Kijana hii ya baharini, kaagize." Basi nikashukuru naondoka, winga ananifuata anataka chake. Chake cha nini wakati sijapata kitu? Eti kanitembeza.

Tukaagiza. Watu walivuka maji mpaka Dar kwa tanga tu, mpira wa kiganjani umepanda ndege na bado umechelewa kuliko wao. Ulivyofika nikatumwa ofisi moja kuufuata, dirisha la kwanza wanataka mwenye mzigo, nikamleta mwenye mzigo, wakataka barua, barua ikaandikwa, dada wa dirisha la pili akaisoma akaniangalia, "Impela. Hii ya ndege?" Nikamwambia dada yangu, mimi na ndege tunaonana akiwa juu.

Kwenye kusubiri huko ndiko choo kikanipata. Nyie, choo cha boti kinasukumwa kwa maji ya bahari, na maji ya bahari yakikutana na mkojo yanajenga ukoko ndani ya paipu, kidogo kidogo, mpaka paipu la inchi moja na nusu linabaki na tundu la kupita kidole. Hakuna dawa ya haraka. Unalifungua, unalibeba mpaka ufukweni, unalipiga chini. Ndio, unalipiga. Mimi mtu mzima na familia yangu nimesimama Msasani nachapa paipu la choo cha watu kwenye jiwe, paa, paa, na vipande vyeupe vinadondoka kama chokaa ya tambuu. Watoto wamejaa kuangalia. Mama muuza mihogo akabeba beseni lake akahama bila kusema neno, na mimi ndio mteja wake kila siku.

Na mwenye mtumbwi wa kunipeleka kwenye boti naye ana hesabu zake. Kwenda elfu mbili, kurudi elfu tatu. Nikamuuliza mbona kurudi kumezidi? Akasema kwenda unaweza ukaghairi.

Kitu kilichoniuma roho ni ile mashine ya maji. Lita moja ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, kama vijiko viwili vya chakula, na hawa watu wana mashine inayasukuma maji hayo kwenye chujio kwa presha ya psi 800 huko, wakati tairi la gari dogo mnajaza 30 na kitu, yanatoka matamu kabisa. Imeharibika kidogo tu, sili inavuja, nikabadilisha. Mama akanipa glasi nionje. Nakunywa nikiwaza nyumbani kwangu, mita mbili kutoka bombani, tunanunua maji ya madumu.

Waya za mlingoti sikugusa. Stenlesi inasifiwa haishiki kutu, kumbe kinachoilinda ni ile ngozi nyembamba inayojitengeneza ikipata hewa, maji chumvi yakituama ndani ya kile kikombe cha chini kinachoshika waya inakosa hewa inaoza kimya kimya, na nyuzi zilishaanza kukatika. Nikamwonyesha bwana, nikamwambia huko juu atafute kijana asiye na watoto.

Jioni bwana akiwa na kahawa yake anapenda kunisimulia habari za Robin Knox-Johnston, Mwingereza aliyezunguka dunia peke yake bila kusimama, 1968 mpaka 1969, siku 312. Kile cha kujishikia usukani kilimvunjikia, boti ikavuja, akazama mwenyewe chini ya boti katikati ya bahari akaziba ufa kwa pamba. Ananiambia hivyo ili nijue baharia anajitengenezea mwenyewe. Nikamwambia bosi, yule alikuwa hana namba yangu.

Siku hiyo alikuwepo mzee mmoja wa majahazi, alikuja kuuza pweza, nikamtafsiria. Akashangaa. "Kaziba kwa pamba? Si kalafati hiyo? Sisi kila mwaka tunatia." Akaizungukia boti na macho, akauliza foromali, ule mti wa kushikia tanga la jahazi, iko wapi, nikamwambia hawana. Akauliza na hilo paipu? Nikamwambia la choo. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Choo cha jahazi, akasema, kinaning'inia nyuma nje ya chombo, chini bahari. Hakijawahi kuziba.

Injini ikawaka, maji yakatoka kwenye ekzosi, wakanilipa, sitasema ngapi kwa sababu shemeji zangu wanasoma. Hao tayari wana habari kwamba nafanya kazi na wazungu wa boti, mmoja ameshaomba mtaji wa kuku. Mke wangu naye anauliza hela ya euro imeenda wapi, namwambia imeenda mtumbwini, elfu tatu tatu.

Wakati wa kuondoka bwana akanipa zawadi, tanga lao la zamani, kitambaa kizima kabisa, kizito, nikalibeba kwenye bajaji miguu yangu nje. Mama ntilie wa pale kwetu akaliona akaling'ang'ania, nikampa alifunike banda lake, na mtaa mzima ukaja kupiga picha. Sasa tanga lililopigwa na jua la bahari miaka yote hiyo, kinachoanza kufa ni uzi, kitambaa kinabaki kinakudanganya. Mvua ya kwanza mshono ukaachia wote kwa mpigo, maji yakashuka kwenye wali, kwenye maharage, kwenye kichwa cha mwalimu mmoja aliyekuwa anakula kwa mkopo.

Mama ntilie kanipigia, fundi njoo urekebishe boti yako. Nimemwambia uzi wa tanga hauuzwi Kariakoo, nimeshaizunguka yote. Ananiambia usijali, kuna winga anamjua.