Maili ya Pili

Mchungaji alihubiri Mathayo 5:41, na aliihubiri vizuri mno. Balaa lilianzia hapo. "Na mtu atakayekulazimisha mwendo wa maili moja, nenda naye mbili." Akaeleza kwamba askari wa Kirumi aliweza kumkamata mtu yeyote njiani akamtwisha mzigo wake, na kwamba Waingereza wanapomsifu mfanyakazi kuwa kaenda maili ya ziada, wameyachota humo humo. Bosi wangu kayabandika maneno hayo ukutani. Nyongeza ya mshahara haijabandikwa popote.

Basi nikatoka ibadani nimejaa upendo hadi shingoni. Langoni nikakutana na bibi jirani yetu, mkungu wa ndizi kichwani.

"Shikamoo bibi. Lete nikubebee."

"Marahaba mjukuu wangu. Acha tu, mimi nime..."

"Haiwezekani bibi!" Nilisema kwa sauti, wanakwaya nao wasikie.

Nikautupa begani, nikashika njia ya kwake. Ni kilomita moja na nusu hivi, maili ya Kirumi kamili, ila kwetu Marangu ni mlima mwanzo mwisho. Bibi akawa ananiita huko nyuma, mimi najibu "Usijali!" na kuongeza mwendo. Utomvu nao ulikuwa unachuruzika kutoka pale mkungu ulipokatwa, taratibu, hadi kwenye kola ya shati jeupe. Wenye migomba wanajua: ukishakauka unageuka kahawia, na hakuna sabuni wala maombi ya kuutoa.

Nikautua uani. Bibi akafika akihema, akajitupa kwenye kigoda.

"Mjukuu wangu, hizo ndizi ni sadaka. Nilikuwa nazipeleka mnadani kanisani."

Mathayo hajaandika popote kwamba uulize kwanza mzigo unakwenda wapi. Tukateremka. Safari hii bibi alitangulia, na kila tuliyekutana naye alisimuliwa habari yote, tangu langoni.

Mnada ulikuwa ukingoni. Kuku wameisha, mayai yameisha. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi akautazama mkungu, akalitazama shati langu, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wapendwa! Mkungu huu umepanda mlima na kurudi, una nauli ndani yake! Naanza na 20,000. Nani anaongeza?"

Bibi akanishika mkono, akauinua juu.

"30,000! Huyu hapa, mjukuu wangu!"